Jumba la Mizuka na Lifti Yake: Tuijue Hofu Yetu

Hotuba hii ilitolewa na mwelimishaji wetu wa afya kwa klabu ya afya ya shule moja ya sekondari ya bweni, siku wanachama walipomaliza kujenga jumba la vitofali vya plastiki. Tumeichapa karibu yote kama ilivyosemwa.

    

Mmezoea nikija hapa ninakuja na mabango. Leo sina bango hata moja. Leo mgeni rasmi ni hili jumba mnaloliona hapa mezani. Wanachama wa klabu wamelijenga kwa Jumamosi nne, wanalijua nje ndani. Lakini naona wapo wageni wengi dirishani waliokuja kuchungulia. Karibuni ndani, ndugu zangu, nafasi ipo. Kwa ajili yenu nitaanza kwa kueleza hiki ni kitu gani, halafu nitasema kinahusiana vipi na afya.

JUMBA LENYEWE

Kwa Kiingereza linaitwa Haunted House. Sisi tuseme jumba la mizuka. Ni seti ya vitofali vya kuchezea iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya LEGO ya Denmark. Ina vipande 3,231. Likisimama lina urefu wa sentimita 68, yaani linazidi rula mbili za darasani zikiunganishwa. Linafunguka, na ndani mna vyumba, samani na vitu vya kale. Hadithi yake inasema mwenye jumba, Baron von Barron, alikuwa tajiri aliyezunguka dunia akikusanya vitu vya kale, mpaka mambo ya ajabu yakaanza kutokea nyumbani kwake.

Lilipotoka madukani bei yake ilikuwa kama dola 250 za Marekani. Kwa hiyo msiende nyumbani likizo mkamsumbua mzazi. Hili letu ni la kuazima, limeshatumika, na litarudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana kila jioni tulikuwa tunahesabu vipande kama makarani wa benki! Baadaye nitawaonyesha namna ya kujenga la kwetu kwa maboksi na uzi.

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala mmoja, Ole Kirk Kristiansen, katika mji mdogo wa Billund. Jina LEGO lilianza kutumika mwaka 1934, na limetokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali cha namna hii, chenye vifundo juu na mirija ndani, kiliandikishwa hataza mwaka 1958. Ile mirija ndiyo siri yake. Kifundo cha kitofali cha chini kinabanwa kati ya mirija na ukuta wa kitofali cha juu. Hakuna gundi, hakuna msumari, lakini ukuta unasimama. Na ukitaka kuubomoa, unabomoka bila kuvunjika kitu.

Sasa, jumba la plastiki peke yake lisingenileta hapa. Kilichonileta ni hiki kilicho katikati ya mnara. Ni lifti, na inafanya kazi. Njoo hapa mbele kijana mmoja, zungusha huu mkono wa pembeni. Polepole. Mnaiona? Vigurudumu vyenye meno vinashikana, kimoja kinamsukuma mwenzake, na lifti inapanda na abiria wake wa plastiki. Inapanda... inapanda... imefika juu. Halafu inaachiwa, na paa! Imeporomoka mpaka chini.

Mmesikia mlivyopiga kelele? Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa ndani ya lifti ile! Aliyeporomoka ni mwanasesere mrefu kama kidole gumba. Lakini mioyo iliyoruka ni yenu. Hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia.

MWILI UNAFANYA NINI?

Wa fizikia watanisaidia. Kitu kikiachiwa kutoka urefu wa nusu mita, kinafika chini kwa muda gani? Tumieni ile kanuni yenu ya mwendo wa kuanguka. Ni sekunde 0.32. Hata kope hazijapata nafasi ya kupepesa vizuri. Lakini katika muda mfupi kama huo ubongo unakuwa umeshapiga king'ora.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi. Wataalamu wanaiita amigdala. Kazi yake ni ulinzi. Ikiona hatari, haingoji sehemu inayofikiri imalize kufikiri. Inapeleka habari, na zile tezi mbili zilizo juu ya figo zinamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio ili damu nyingi ifike kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi zinakuwa za haraka. Ini linatoa sukari iliyohifadhiwa. Mboni za macho zinapanuka. Tumbo linapunguza kazi yake, maana huu si wakati wa kusaga ugali. Ndiyo maana mtu mwenye hofu anasema tumbo linamvuruga, mdomo umekauka, viganja vina jasho.

Mmarekani mmoja, Walter Cannon, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliieleza hali hii mwaka 1915. Alisema mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Baadaye wataalamu waliongeza jambo la tatu, kuganda. Mtu anashindwa kupiga kelele, anashindwa kuinua hata mkono. Hili la tatu naomba mlikumbuke, tutalirudia.

Kwa hiyo moyo kukwenda mbio unapoogopa si ugonjwa wala si uoga wa kitoto. Ni mwili wenye afya unaofanya kazi yake. Babu zetu waliokutana na simba wangekuwa hawana king'ora hiki, mimi na wewe tusingekuwepo hapa.

KWA NINI BASI WATU WANALIPIA HOFU?

Katika nchi nyingi kuna viwanja vya starehe vyenye lifti za namna hii za ukubwa wa kweli, na watu wanapanga foleni ndefu kuingia. Huko Florida, Marekani, mwaka 1994 Disney walifungua jengo kubwa lililofanana na hoteli iliyohamwa na watu, lenye lifti inayoporomoka. Tena haiachiwi tu ianguke. Mitambo inaivuta kwenda chini! Watu wanatoka mle wanatetemeka, wanacheka, wanarudi tena kwenye foleni.

Kwa nini? Mtu huyohuyo akiwa kwenye lifti ya ofisini, ikakatika ghafla, angecheka? Asingecheka hata kidogo. Moyo utakwenda mbio kote kuwili, adrenalini ni ileile, lakini moja ni raha na nyingine ni balaa. Tofauti iko wapi?

Nimefikiri sana juu ya hili wakati tukijenga, na naona tofauti ni mambo matatu. Andikeni.

Jambo la kwanza ni hiari. Aliyepanda amechagua mwenyewe, na kabla mlango haujafungwa alikuwa na nafasi ya kusema, "Mimi basi, nashuka." Hakuburutwa.

Jambo la pili ni breki. Kuna mtu aliyekaa akafikiri namna ya kuizuia lifti kabla hajafikiri namna ya kuiangusha. Mwaka 1854 huko New York, fundi Elisha Otis alisimama juu ya lifti mbele ya umati wa watu, akaamuru kamba ikatwe kwa makusudi. Lifti ilishuka kidogo tu ikanasa, kwa sababu alikuwa ameiwekea meno ya kuidaka. Lifti za kupanda maghorofa zilianza kuaminika kutokana na breki. Na minara mingi ya leo ya kuporomoka inazuiwa na sumaku kali ambazo hazihitaji umeme, hivyo umeme ukikatika, breki inafanya kazi vilevile.

Jambo la tatu ni mwisho. Mchezo unaisha. Sekunde chache, mlango unafunguka, unatoka nje kwenye jua na rafiki zako wanakungoja.

Hiari, breki na mwisho. Hofu yenye vitu hivi vitatu ni mchezo. Hofu isiyo navyo si mchezo, hata kama anayekutia hofu anacheka na kusema, "Si utani tu?"

LIFTI ILIYOKWAMA

Wanachama mnakumbuka Jumamosi ya tatu. Tulikuwa na furaha, mnara umesimama, tukazungusha mkono, lifti ikapanda hadi nusu ikagoma. Tukazungusha kwa nguvu, ikalia krr! Mmoja wenu, simtaji, akasema, "Dada, mizuka imekataa." Tukacheka wote.

Halafu tulifanya nini? Tulirudi kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, kinyumenyume. Tukatoa vipande tulivyoweka mwisho, kisha vya kabla yake. Tukakuta kipini kimoja kidogo kimechomekwa tundu la pili badala ya la tatu, na kilikuwa kinakwaruza njia ya lifti. Kukihamisha hakukuchukua hata dakika moja. Kukitafuta kulichukua saa nzima.

Nataka mjifunze hapo jambo la afya. Ukilitazama jumba hili kwa mbele, ni la kutisha. Madirisha meusi, mapaa yaliyochongoka, mizuka. Ukilifungua ukatazama nyuma, unaona meno, fimbo na vipini. Mzuka ni kipande cha plastiki, na wewe ndiye uliyekipachika jana yake. Aliyejenga jumba hatishwi nalo tena kama zamani. Bado anaruka lifti ikiporomoka, kwa sababu ile amigdala haisomi kitabu cha maelekezo, lakini sekunde ya pili anacheka kwa sababu anajua kilichotokea.

Kwa hiyo ukishikwa na hofu, jaribu kuifungua uitazame nyuma. Jiulize, kipini kiko wapi? Ninaogopa nini hasa? Kuna mtu anasema anaogopa mtihani wa taifa. Ukimchimba sana, kumbe anaogopa mada mbili za hesabu na neno atakaloambiwa na baba yake. Mtihani mzima huwezi kuuhamisha. Mada mbili unaweza. Hata hili jumba hatukulijenga kwa kumwaga vipande 3,231 mezani kwa mara moja. Vinakuja katika mifuko yenye namba, na sisi tulikuwa hatufungui mfuko wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza.

MIZUKA YA BWENINI

Sasa niseme jambo ambalo najua linawagusa. Katika shule nyingi za bweni inatokea usiku msichana mmoja anapiga kelele, anaanguka, anasema ameona kitu. Baada ya dakika tano wameanguka wengine kumi. Asubuhi wazazi wamejaa getini na shule nzima inasema ni mapepo. Vibaya zaidi, inatafutwa bibi wa kijiji cha jirani au mwanafunzi mnyonge wa kusingiziwa kwamba ndiye aliyeyatuma.

Sikuja hapa kugombana na imani ya mtu. Anayetaka kuombewa aombewe. Lakini tuujue pia upande wa nyuma wa jumba.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Wengine wakafuata, wakicheka na kulia. Kati ya wanafunzi 159 wa shule ile, 95 walipatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi nyumbani, hali hiyo ikaonekana na katika vijiji vingine. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari zake mwaka 1963. Walitafuta sumu kwenye chakula, walitafuta vijidudu, hawakupata. Na hakuna aliyekufa kwa hali ile.

Wasichana wale hawakuwa wakiigiza, na hawakuwa wendawazimu. Wataalamu wanaeleza kwamba watu wanaoishi pamoja, wenye mizigo mizito moyoni na wasio na nafasi ya kusema, hofu inaweza kuruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine kupitia macho na masikio. King'ora cha mmoja kinaamsha king'ora cha mwenzake. Mmelithibitisha wenyewe sasa hivi, lifti ilipoporomoka alipiga kelele mmoja wa mbele, halafu darasa zima.

Tena kuna jambo jingine la mwilini. Mtu mwenye hofu anapumua haraka mno, anatoa hewa ya kaboni dioksaidi kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya midomo, vidole kukakamaa. Asiyejua sababu anaona vidole vinajikunja na kusema, "Wamenishika!" Hofu inazidi, pumzi zinazidi, naye anaanguka.

Ikitokea bwenini, fanyeni hivi:

1. Mtoeni aliyepatwa, mpelekeni mahali patulivu penye hewa, akae na mtu mmoja au wawili anaowaamini. Umati uondoke. Umati ndio kuni za moto huu.

2. Mwambieni kwa sauti ya chini apumue nanyi. Vuteni hewa kwa pua mkihesabu hadi nne, toeni polepole kwa mdomo mkihesabu hadi sita. Msimfunike uso wala kumziba kwa mfuko.

3. Msimpige, msimwagie maji, msimfunge, msimcheke.

4. Mwiteni matroni au mwalimu mara moja, na apelekwe zahanati. Si kila anayeanguka ameanguka kwa hofu. Kuna malaria kali, kuna kifafa, kuna pumu, kuna sukari iliyoshuka. Akitetemeka kwa degedege zaidi ya dakika tano, akishindwa kupumua, au asipoamka, hiyo ni dharura, usiku uleule.

5. Baada ya hapo wakubwa wakae na wanafunzi wawasikilize. Mara nyingi kuna kipini kimekwama mahali fulani, na hakitaonekana mpaka mtu aulize.

HOFU ISIYO NA BREKI

Nilisema nitarudi kwenye kuganda. Sasa tusikilizane, na wa nyuma mnyamaze kidogo.

Kuna hofu ambayo mtu hakuichagua. Kidato cha kwanza anaamshwa usiku wa manane na wakubwa zake, anavishwa shuka, anatishwa, anaambiwa ni kumkaribisha. Je, alichagua? Anaweza kusema "basi" wakaacha? Anajua itaisha lini? Kama majibu matatu ni hapana, huo si utani, ni ukatili. Ninyi wa kidato cha nne mliofanyiwa hivyo mnaweza kuamua kwamba mnyororo ukatikie kwenu.

Na kuna msichana, au mvulana, anayeshikwashikwa na mtu mzima. Pengine ni ndugu, pengine ni jirani, pengine ni mtu anayeheshimiwa. Anaganda. Hapigi kelele. Baadaye watu wanamuuliza, "Mbona hukupiga kelele?" Na yeye mwenyewe anajiuliza hivyohivyo kila usiku, mpaka anaanza kuamini kwamba alikubali. Mdogo wangu, kama ni wewe, nisikilize. Mwili uliganda kwa sababu hivyo ndivyo mwili unavyoweza kufanya mbele ya hatari. Kuganda si kukubali. Kosa si lako. Kosa ni la aliyefanya.

Usibaki nayo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, iwe mama, shangazi, mwalimu mlezi au muuguzi. Wa kwanza asipokuamini, mwambie wa pili. Kama hakuna unayeweza kumtazama usoni, piga simu 116, ni ya bure, ni huduma ya simu kwa mtoto, hapa Tanzania na hata Kenya. Kama ni kubakwa, fika hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, maana kuna dawa za kuzuia VVU zinazotakiwa kuanzwa ndani ya muda huo. Hata kama saa hizo zimepita, nenda, bado kuna msaada. Hiyo ndiyo breki. Haiondoi kilichotokea, lakini inazuia lifti isiendelee kuporomoka.

Ipo pia hofu ya kupima. Kijana anaona afadhali asijue. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 tungemwelewa, maana dawa hazikuwepo za kutosha na kila jibu lilionekana ni hukumu. Leo jumba hilo limefunguliwa na tumeona nyuma. Anayeishi na VVU akitumia dawa za ARV vizuri anaishi miaka mingi, anasoma, anazaa. Na virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hapa kwetu sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kuhitaji idhini ya mzazi. Kwa hiyo hofu ya kupima ina breki siku hizi. Hofu ya kutojua ndiyo haina.

JENGENI LIFTI YENU

Niliahidi, nisisahau. Hili jumba litaondoka kesho, lakini klabu ibaki na lake. Tafuteni boksi refu la kadi, kama urefu wa mita moja, mlisimamishe na kukata madirisha upande mmoja. Juu yake pitisheni penseli ndani ya rili tupu ya uzi, hiyo ndiyo kapi yenu. Lifti ni boksi dogo la maziwa. Fungeni uzi imara, upitishe juu ya rili, uushushe upande wa nje, mfunge kitanzi mwishoni. Mkivuta uzi, lifti inapanda. Ikifika juu, pachikeni kitanzi kwenye msumari uliochomekwa pembeni. Mkikitoa kitanzi, lifti inaporomoka. Mizuka chorenI kwa mkaa, mnajua wenyewe mnaogopa nini.

Kisha fanyeni jaribio. Wekeni yai bichi ndani ya mfuko wa plastiki, mlitie kwenye lifti. Mara ya kwanza wekeni chini sponji nene au nguo kuukuu zilizokunjwa. Angusheni, mtazame yai. Mara ya pili ondoeni sponji. Urefu ni uleule, mwendo ni uleule, yai ni lilelile. Mtaona wenyewe kazi ya breki. Na yai msilitupe, ndiyo maana nimesema liwe kwenye mfuko, mkalikaange!

Kila kikundi kikimaliza, kiandike kwenye karatasi majibu ya maswali haya, bila majina:

Ni hofu gani niliyonayo sasa?
Je, niliichagua?
Breki yake ni ipi, au ni nani?
Nimeshamwambia nani?

Karatasi zenye swali la tatu tupu, mwalimu mlezi amekubali tuzisome pamoja nami, na tutatenga siku ya kuongea na yeyote atakayetaka, mmoja mmoja, mlango ukiwa wazi na siri ikiwa siri. Ila nisiwadanganye, kama mtu yuko hatarini itabidi tumshirikishe anayeweza kumwokoa, na tutamwambia mwenyewe kwanza.

Vijana wenzangu, woga sikuja kuukemea. Asiyeogopa kabisa hafiki mbali, atagongwa na gari njia panda. Ninachoomba ni kwamba msikubali kukaa kwenye lifti ambayo hamkuipanda kwa hiari, haina breki na hamjui itaisha lini, huku mmefumba midomo kwa kuogopa kuitwa waoga. Na ukimwona mwenzako yuko ndani ya lifti ya namna hiyo, usisimame nje ukacheka. Kuwa breki yake.

Sasa mizuka ipumzike, tuna kazi ya kuvunja jumba na kuhesabu vipande. Ni 3,231, na hatutoki hapa mpaka vitimie.

 Nani ana swali?